Redio ya Umma Katika Vilima vya Gusii

Mtu apitaye asubuhi na mapema katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, wakati wenye ndizi wanaposhusha mikungu yao na wenye mboga wanapotandaza magunia chini, husikia sauti nyingi kwa mara moja. Ziko sauti za wauzaji, ziko za makondakta waitao abiria wa Keroka, Nyamira na Ogembo, na iko sauti moja zaidi ambayo haimwombi mtu nauli wala haimtaki anunue nyanya. Hiyo ni sauti ya redio. Huenda redio yenyewe imewekwa juu ya kasha, au imo ndani ya simu ya mkononi iliyofungwa kitambaani kiunoni mwa mama. Na lugha isikikayo ni Ekegusii.

Kijana wa leo haoni ajabu yo yote katika jambo hilo. Kwake yeye redio kusema kwa lugha ya nyumbani ni kama mvua ya alasiri katika vilima vile: hutazamiwa kila siku, na isipokuja ndipo watu huuliza sababu. Lakini wako wazee ambao utotoni mwao chombo hicho kilisema lugha za watu wengine wote isipokuwa lugha yao wenyewe. Kutoka hapo hadi leo pana safari ndefu, na safari hiyo haikuwa nyepesi.

Kaunti mbili za Kisii na Nyamira, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja, zilihesabiwa mwaka wa 2019 kuwa na watu 1,266,860 kwa upande wa Kisii na 605,576 kwa upande wa Nyamira. Nchi hii ni ndogo, na watu wake wamesongamana. Katika Kisii kila kilomita moja ya mraba ina watu zaidi ya 900, na mashamba yamegawanywa baina ya ndugu hata mengine hayatoshi tena kugawanywa. Katika nchi ya namna hiyo habari moja, ikiwa ya kweli au ya uongo, hupita kutoka kilima hadi kilima kabla ya chai ya asubuhi kupoa. Kwa hiyo si jambo dogo kuuliza ni nani asemaye katika redio, ni nani amlipaye, na ni kwa faida ya nani.

LUGHA ISIYOKUWAMO

Utangazaji wa redio katika Kenya ulianza Nairobi mwaka wa 1928, nao ulikuwa kwa ajili ya Wazungu. Kwa muda mrefu Mwafrika hakuhesabiwa kuwa msikilizaji. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, ndipo Serikali ilipoona haja ya kuwapasha Waafrika habari, maana vijana wao walikuwa wamekwenda vitani na jamaa zao walitaka kujua mambo yanavyoendelea. Hata hivyo matangazo yale yalikuwa machache.

Mwaka wa 1953, hali ya hatari ikiwa imekwisha kutangazwa tangu Oktoba 1952, idara ya matangazo ya Waafrika ilianzishwa rasmi. Yafaa kusema wazi kwamba Serikali ya kikoloni haikuifanya kazi hiyo kwa mapenzi ya muziki wa Kiafrika tu; ilitaka sauti yake ifike majumbani mahali ambapo hotuba za Bwana Shauri zilikuwa hazifiki, au zilifika lakini hazikuaminiwa. Lugha zilizotumika zilikuwa Kiswahili, Kijaluo, Kikuyu, Kinandi, Kiluhya, Kikamba na Kiarabu. Ekegusii hakikuwamo.

Msomaji asiyeijua nchi ya Gusii aweza kusema kwamba hilo halikuwa na uzito, kwa kuwa Mgusii angeweza kusikiliza lugha ya jirani yake. Lakini majirani wa Wagusii karibu wote ni watu wa lugha za asili nyingine kabisa. Magharibi na kaskazini wako Wajaluo, mashariki wako Wakipsigis, na kusini wako Wamasai. Ekegusii ni lugha ya Kibantu iliyozungukwa kama kisiwa, na nduguye wa karibu ni Kikuria kilicho mpakani mwa Tanzania. Mama wa Kitutu ambaye hakupata kwenda shule hakuweza kufuata taarifa ya Kijaluo, wala ya Kinandi, na Kikuyu kilikuwa mbali naye zaidi. Alibaki na Kiswahili, na katika siku zile Kiswahili cha vijijini kilikuwa mali ya askari waliorudi vitani, makarani, wachuuzi na watu waliopata kufanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho. Mtu mmoja katika boma alisikiliza, kisha akawafasiria wengine. Na mfasiri, kama ijulikanavyo, huongeza chumvi yake.

Vituo vya mikoani vilifuata. Mombasa ilipata Sauti ya Mvita mwaka wa 1954, Nyeri ikapata kituo chake, na Kisumu nayo ikapata kituo cha watu wa Ziwa. Ni kwa njia ya Kisumu hiyo kwamba Wagusii walikuja kupata nafasi baadaye. Matangazo ya kanda ya Magharibi yalitolewa kwa zamu, kila lugha ikipewa saa zake: Kijaluo, Kiluhya, Ekegusii, Kikuria, Kiteso na nyinginezo. Mwenye redio alijifunza kuitazama saa kama atazamaye ratiba ya gari la moshi, kwa maana akichelewa nusu saa akirudi kutoka mtoni hukuta zamu yake imekwisha na lugha nyingine imeshika kiti.

Chombo chenyewe kilibadilika jina mara kwa mara. Mwaka wa 1959 kiliitwa Kenya Broadcasting Service, na mwaka wa 1961 kikawa shirika, Kenya Broadcasting Corporation. Baada ya Uhuru, tarehe 1 Julai 1964, kilichukuliwa na Serikali kikaitwa Sauti ya Kenya, katika wakati ambapo Bwana Ramogi Achieng Oneko alikuwa Waziri wa Habari. Mwaka wa 1989 kilirudishiwa jina la shirika, yaani KBC, nalo ndilo jina lake hata sasa.

BEI YA SAUTI

Haifai kusahau kwamba hapo kale redio ilikuwa kitu cha tajiri. Redio za wakati ule zilikuwa na taa ndani yake, nazo zilikula umeme mwingi. Mahali pasipo na umeme zilihitaji betri nzito. Mwaka wa 1949, huko Lusaka, katika nchi ambayo siku hizi huitwa Zambia, kulitolewa redio ndogo ya mviringo iliyoundwa kwa ajili ya Waafrika, ikaitwa kwa mzaha redio ya sufuria kwa sababu ya umbo lake. Bei yake ilikuwa paundi tano, na betri yake paundi moja na shilingi tano. Kwa hesabu ya fedha za Afrika Mashariki ya siku zile, hiyo ilikuwa shilingi 100 kwa redio na shilingi 25 kwa betri. Iliitwa rahisi, lakini wako wengi katika Gusii ambao wangeuza mbuzi kadhaa kabla ya kuishika mkononi.

Ukombozi wa msikilizaji mkulima ulitoka mahali pengine. Mwaka wa 1947 wataalamu wa Marekani walivumbua kidude kidogo kiitwacho transista, na mwaka wa 1954 redio ya kwanza ya transista ikauzwa madukani huko. Katika miaka iliyofuata redio hizo zilienea Afrika. Zilikuwa nyepesi, zilitumia betri ndogo zipatikanazo dukani, na mtu aliweza kwenda nayo shambani akaitundika mtini. Betri zilipochoka ziliwekwa juani ili zipate nguvu kidogo, na watoto wengi walichapwa kwa kuzisahau nje mvua ilipokuja.

MATANZIA NA SALAMU

Ukiwauliza wazee ni kazi gani kubwa ambayo redio ya Serikali ilifanya, walio wengi hawatataja hotuba wala muziki. Watataja matangazo ya vifo.

Wagusii, kama makabila mengi ya Kenya, humzika mtu wao nyumbani kwao, katika shamba la baba yake. Sasa fikiri mtu amefariki Nairobi au Mombasa katika siku ambazo simu ilipatikana posta tu, na barua ilichukua siku nyingi. Ndugu zake wametawanyika: mmoja ni mwalimu huko Kilgoris, mwingine ni karani Nakuru, wa tatu anachuma chai Kericho, na shangazi ameolewa upande wa Bomachoge. Jamaa walikwenda kulipia tangazo. Jioni, baada ya taarifa ya habari, jina la marehemu lilisomwa, kisha majina ya wapasao kujulishwa, kijiji baada ya kijiji, pamoja na siku ya maziko. Nyumba zote zilinyamaza. Mtoto aliyecheka wakati huo aliondolewa mezani. Hata watu wasiomjua marehemu walisikiliza hadi mwisho, kwa kuwa katika orodha hiyo ndefu huenda likatajwa jina la kijiji chao, na mmoja wao angepaswa kutoka usiku huo huo kumpelekea jirani habari nzito.

Simu za mkononi zimepunguza haja hiyo, lakini hazikuimaliza. Familia nyingi hata leo hutaka kifo kitangazwe, kwa sababu tangazo si habari tu; ni heshima. Mzee ambaye hakutangazwa huonekana kana kwamba amezikwa kwa siri.

Salamu zilikuwa ndugu mchangamfu wa matanzia. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika jina lake na majina ya rafiki zake, akaipeleka kwa posta, akangoja. Wengine waliandika kadi nyingi hata majina yao yakajulikana Kenya nzima, ingawa hakuna aliyepata kuwaona. Wako waliocheka mambo hayo, wakisema ni kupoteza fedha. Lakini mkulima wa Nyamira ambaye jina lake limesomwa na sauti ile ile isomayo habari za Rais hakuona kwamba amepoteza kitu.

Sauti hizo zilikuwa na nguvu kuliko watu walivyodhani. Hayati Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, ambaye kipindi chake Je, Huu ni Ungwana? kilianza mwaka wa 1966, ndiye aliyelazimishwa na askari waasi kutangaza asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982 kwamba Serikali imepinduliwa. Waasi walikimbilia kituo cha redio katika saa za kwanza, kwa kuwa walijua kwamba nchi huamini ile sauti iliyozoea kuisikia. Uasi ulizimwa siku iyo hiyo.

MFANO WA JIRANI

Mwaka huo huo wa 1982, mwezi wa Mei, jambo dogo lilikuwa limekwisha kuanza mjini Homa Bay, kiasi cha mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Kisii. Shirika la UNESCO lilisaidiana na Serikali ya Kenya kujenga kituo kidogo cha redio chenye mitambo ya bei nafuu, ambacho kilisikika katika sehemu zilizo karibu tu na ambacho kilisema lugha ya watu wa pale. Hutajwa na wengi kuwa cha kwanza cha namna yake katika Afrika. Hakikuwa na makao makubwa wala mlingoti wa kutisha. Kilitangaza mambo ya afya, ukulima na uvuvi, na watu wa kawaida walisikia majirani zao wakisema katika redio.

Mwaka wa 1984 kilifungwa. Serikali ya wakati ule haikupenda redio za lugha za makabila. Ilihofu kwamba zingewagawa watu, na tena ilikuwa imeonja machungu ya Agosti 1982. Hoja ya kuwagawa watu haikuwa ya kudharauliwa, kama mambo ya baadaye yalivyoonyesha. Lakini kumnyima mtu lugha yake kwa hofu kwamba ataitumia vibaya ni kama kumnyima mkulima jembe kwa kuwa jembe laweza kumjeruhi jirani. Watu wa Gusii, ambao wangaliweza kuiga kituo kile bila gharama kubwa, walibaki na zamu yao ya Kisumu.

MLANGO ULIPOFUNGULIWA

Katika miaka ya tisini amri ya Serikali juu ya mawimbi ilianza kulegea. Capital FM ilianza Nairobi mwaka wa 1996, nayo Kameme, redio ya Kikuyu ya watu binafsi, ikaanza mwaka wa 2000. Baada ya hapo redio za lugha za nyumbani ziliota kama uyoga. Kampuni ya Royal Media Services iliwaletea Wagusii Egesa FM, nayo ikapata wasikilizaji wengi upesi. Shirika la umma nalo liliona kwamba zamu ya saa chache haitoshi tena, likaanzisha vituo vyake kwa lugha mbalimbali: Coro kwa Kikuyu, Mayienga kwa Kijaluo, Kitwek kwa Kikalenjini, Ingo kwa Kiluhya, na kwa Wagusii, Minto FM. Neno hilo minto katika Ekegusii lina maana ya “kwetu”, na ni vigumu kufikiri jina lifaalo zaidi kwa redio iliyongojewa muda mrefu namna hiyo.

Yapasa hapa kueleza tofauti, kwa kuwa wasikilizaji wengi huchanganya. Redio ya biashara ni mali ya mwenyewe, naye huishi kwa matangazo ya biashara. Asipopata wasikilizaji atafunga duka. Redio ya jamii ni ya watu wa mahali pamoja, wasiotafuta faida. Redio ya umma ni ya wananchi wote kwa njia ya Serikali, lakini si kinywa cha Serikali. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 34, yasema kwamba vyombo vya habari vya Serikali vitakuwa huru kuamua vitangaze nini, visipendelee upande wo wote, na viwape nafasi ya haki hata wale wenye maoni ya kupinga. Maneno hayo ni mazuri. Shida yake ni kwamba maneno hayalipi mishahara. KBC kwa miaka mingi imebeba mzigo wa deni la Japani lililotokana na mkopo wa mwaka wa 1989 wa kutengeneza mitambo upya, na huku inatakiwa kushindania matangazo yale yale ya sabuni na mbolea na redio za watu binafsi. Mtumishi asiye na hakika ya fedha zake ni mwepesi kusikiliza sauti ya mwenye fedha, awe mfanya biashara au mwanasiasa.

Kuna pia shida ya vilima. Matangazo ya zamani yalikwenda kwa masafa ya kati, ambayo huambaa juu ya ardhi na kufika mbali, ingawa usiku huingiliana na stesheni za nchi nyingine hata mtu akasikia Ekegusii na lugha ya kigeni vikigombana katika spika moja. Mawimbi ya FM yana sauti safi, lakini husafiri kama mwanga wa kurunzi: kikisimama kilima katikati, nyuma yake ni giza. Nchi ya Gusii ni vilima vitupu. Mtu aliye juu ya Manga husikia vizuri, naye jirani yake aliye bondeni chini ya genge hilo hugeuza waya wa redio huku na huku bila kupata kitu. Mlingoti mmoja hautoshi, na kila mlingoti una gharama yake na mafuta ya jenereta yake siku umeme unapokatika.

PAHALI PENYE UZITO

Hata hivyo, haja ya redio iliyo mali ya wote haikuonekana wazi kwa sababu ya muziki. Ilionekana katika mambo mawili.

La kwanza ni ukulima. Mwezi wa Septemba 2011 ugonjwa mgeni wa mahindi ulionekana katika Bomet, jirani na Nyamira, na kwa muda mfupi ukaingia katika mashamba ya Gusii. Majani yalikuwa na rangi ya manjano kuanzia juu, mbelewele zikakauka, na magunzi yakabaki na punje chache zilizosinyaa. Wengine walidhani ni ukosefu wa mvua. Wengine walisema wameuziwa mbegu mbovu. Wako waliomtazama jirani kwa jicho baya. Kumbe ni virusi viwili vinavyoshambulia kwa pamoja, na dawa ya kunyunyizia haiponyi mmea uliokwisha kuugua. Mkulima alitakiwa kung’oa mimea yenye ugonjwa, kupumzisha shamba kwa kupanda viazi, maharagwe au mboga msimu mmoja au zaidi, na kutokula magunzi yaliyooza. Ni nani atamweleza hayo mama wa miaka sitini aliyepanda mahindi mahali pamoja tangu aolewe? Bwana shamba mmoja ana maelfu ya watu wa kuwatembelea. Karatasi za Kiingereza hufungiwa chumvi. Redio yaweza kumweleza kwa lugha yake, asubuhi, na kurudia tena jioni.

Ndivyo ilivyo na ndizi. Ugonjwa wa mnyauko wa ndizi uletwao na bakteria huenezwa na wadudu watembeleao ua la mgomba, na kwa panga lililokata mgomba mgonjwa likakata na mzima. Ua likiondolewa kwa kijiti chenye panda mara kikonyo cha mwisho kinapotokea, na panga likipitishwa motoni, shamba laweza kuokoka. Shauri hilo halina gharama hata ya senti moja. Lakini lisipofika kwa wakati, mikungu ya Daraja Mbili hupungua.

La pili ni zito zaidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka moto. Wagusii na Wakipsigis waliokuwa wakinunua na kuuziana katika soko la Chepilat walikimbiana, nyumba zikachomwa, na watu wakafa. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyotoa taarifa yake mwaka wa 2008, ilizitaja redio za lugha za makabila kuwa baadhi ya mambo yaliyochochea chuki katika nchi. Mtangazaji mmoja wa Kenya, Bwana Joshua arap Sang, alifikishwa hata katika mahakama ya kimataifa huko The Hague. Kesi yake ilikatizwa tarehe 5 Aprili 2016. Tangu hapo kila mtangazaji wa lugha ya nyumbani hujua kwamba neno moja la fumbo, ambalo mtu wa kabila lingine hawezi kulielewa, laweza kuwa kiberiti.

Na mwezi wa Mei wa mwaka huo wa 2008, watu 11 katika nchi ya Gusii, wengi wao wazee sana, walichomwa moto kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Hapakuwa na mashtaka wala ushahidi. Palikuwa na uvumi tu. Oktoba 2021 jambo hilo lilirudi huko Marani, ambako wanawake wanne wazee waliuawa. Uvumi wa namna hiyo hausemwi kwa Kiingereza, wala hausemwi kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Husemwa kwa Ekegusii, kando ya mto na nyuma ya duka, na hauwezi kujibiwa kwa lugha nyingine. Daktari aelezaye kwa nini mzee husahau jina la mwanawe na kutembea usiku, mchungaji asemaye wazi kwamba kuua ni kuua, na ofisa wa polisi atajaye sheria, wote wanahitaji kusikiwa katika lugha ile ile iliyobeba uvumi. Redio ya biashara yaweza kuifanya kazi hiyo, na mara nyingine huifanya. Lakini redio ya umma haina ruhusa ya kutoifanya.

EKEGUSII KIPI?

Jambo moja dogo liongezwe, ambalo huwafurahisha wasikilizaji kuliko watangazaji. Ekegusii chenyewe si kimoja. Watu wa kaskazini husema kwa namna yao, nao wa kusini, upande wa Mugirango Kusini, wana matamshi na maneno yao. Mtangazaji akitamka kama watu wa kwao, wasikilizaji wa upande wa pili hupiga simu wakicheka, au wakikasirika. Wazee hulalamika kwamba vijana wa redio huchanganya Ekegusii na Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja hata babu hajui kama anahubiriwa au anauziwa sabuni. Katika hilo wazee wana haki. Lakini ni redio hizo hizo zilizowafanya watoto waliozaliwa katika miji, ambao hawakupata kuketi jikoni kwa nyanya zao, wasikie obokano, kinanda kile kikubwa cha nyuzi nane chenye mngurumo mzito, na wajue kwamba ni cha kwao. Siku hizi hata Wagusii walio ng’ambo, ambao katika jimbo la Minnesota huko Marekani ni wengi, waweza kupata redio za nyumbani kwa njia ya intaneti, wakasikia habari za mvua ya Nyamira huku wao wenyewe wakiondoa theluji mlangoni.

Wakulima wa chai, kwa upande wao, wana saa yao ya kusikiliza kwa makini kuliko yote. Ni pale mwezi wa Septemba au Oktoba bonasi inapotangazwa. Wakulima wa Kebirigo, Sanganyi, Nyamache na Ogembo hulinganisha malipo yao na ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa, ambao hulipwa zaidi kwa kila kilo, na huuliza sababu. Wajibu wa redio ya umma katika wiki hiyo ni mgumu: kumleta mkurugenzi wa kiwanda mbele ya kipaza sauti, kumwacha mkulima amwulize apendavyo, na kutokata simu ile maswali yanapokuwa makali.

Tena uko mji wa Keroka, uliokaa juu ya mpaka wenyewe, ambao kaunti mbili zimekuwa zikigombea ushuru wake tangu Serikali za kaunti zilipoanza mwaka wa 2013. Mwenye duka aliye upande mmoja wa barabara hudaiwa na Kisii, na mwenzake wa ng’ambo hudaiwa na Nyamira, na mara nyingine mtu mmoja hudaiwa na zote mbili. Saa moja ya jioni wote wawili hufungulia redio, kila mtu mlangoni pake, na habari ya ushuru wa Keroka inaposomwa huongeza sauti ili wasikie ni kaunti gani iliyotajwa kwanza.